Daftari Lililopita Mkono kwa Mkono: Wapenzi wa Hadithi za Picha na Kazi ya Mwalimu wa Kusoma

Wakati wa mazoezi ya kufundisha ya mwaka uliopita tuliketi nyuma ya darasa la tano katika shule moja ya msingi, fomu ya tathmini mkononi, tukimtazama mwanachuo wetu akifundisha kipindi cha Kiswahili. Somo lilikuwa insha, na kichwa cha insha kilikuwa "Siku ya Soko". Mwanachuo alikuwa amejiandaa barabara: andalio la somo liliandikwa kwa hati safi, msamiati mpya ulikuwa ubaoni, na maswali ya kuongoza yalikuwa tayari. Wanafunzi wakaanza kuandika. Baada ya dakika kumi hivi aliona daftari likipitishwa chini ya madawati, kutoka mstari wa dirishani hadi mstari wa mlangoni. Alilifuata kimya kimya, akalichukua, akaliweka mezani, kisha akaendelea na kazi bila kufoka wala kupoteza wakati. Nasi, kwa kuwa fomu ina kipengele cha udhibiti wa darasa, tulimpa alama ya juu kabisa.

Jioni mwanachuo alitukabidhi daftari lile liwe ushahidi wa utovu wa nidhamu wa darasa hilo. Tulilifungua usiku kwa nia ya kulipitia haraka, nasi tukalisoma lote. Ilikuwa hadithi ya picha, iliyochorwa kwa kalamu ya wino wa buluu, juu ya fisi aliyejifunza kuendesha basi na kuwachukua abiria wa usiku. Kila abiria alipoteremka alijikuta ameacha kitu chake ndani ya basi: mmoja kivuli chake, mwingine jina lake, mwingine sauti yake. Aliyechora alikuwa msichana wa darasa lile lile. Lakini yaliyotushangaza zaidi yalikuwa pembeni mwa kurasa. Huko wenzake kumi na mmoja walikuwa wameandika, kila mmoja kwa hati yake na jina lake. Mmoja alimsihi mwandishi asimwue fisi. Mwingine aliuliza yule bibi aliyepoteza jina ataitwaje na wajukuu zake. Wa tatu alimkosoa kwamba katika ukurasa wa tisa basi lina magurudumu matatu. Mvulana mmoja alikuwa ameandika aya nzima, sentensi saba, kuthibitisha kwamba kondakta wa basi lile ndiye fisi wa kweli. Tulilitafuta jina lake katika rundo la insha za asubuhi. Juu ya siku ya soko alikuwa ameandika sentensi mbili.

Hapo tulitambua kwamba tulikuwa tumetoa alama kwa jambo moja, na darasani kulikuwa na jambo jingine kubwa zaidi ambalo fomu yetu haikuliwekea nafasi. Makala haya yanahusu jambo hilo. Tunataka kuwashawishi wanachuo wetu kwamba shauku ya watoto wanaompenda mwandishi mmoja, na hasa mwandishi wa hadithi za ajabu na za picha, ni mali ya somo la kusoma na kuandika. Na kwamba mwalimu anayeizima kwa jina la nidhamu huwa amekiharibu chombo ambacho hakuna chuo kiwezacho kumtengenezea kingine.

Mfano kutoka Japani

Ili tusionekane tunasema kutokana na daftari moja tu, na tuangalie mfano uliokwisha kujulikana duniani. Mfano huo unatoka Japani, nao ni wa mwandishi na mchoraji Tezuka Osamu, aliyezaliwa mwaka 1928 karibu na mji wa Osaka na kufariki mwaka 1989.

Tezuka alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Osaka na baadaye akapata shahada ya juu ya udaktari mwaka 1961. Lakini maisha yake aliyatoa kwa hadithi za picha, ambazo Wajapani huziita manga. Mwaka 1947, miaka miwili tu baada ya vita kuu kwisha na miji mingi ya Japani ikiwa bado ni majivu, alitoa pamoja na mwandishi Sakai Shichima kitabu kiitwacho Shin Takarajima, yaani Kisiwa Kipya cha Hazina. Kilipigwa chapa kwa karatasi duni na kuuzwa kwa bei ndogo, na inakadiriwa kwamba nakala zake zilifika 400,000. Mwaka 1950 alianza kusimulia habari za simba mweupe katika Jungle Taitei, yaani Mfalme wa Mwitu. Mwaka 1952 alianza Tetsuwan Atom, hadithi ya mtoto wa chuma mwenye moyo wa kibinadamu, ambayo iliendelea hadi 1968 na kuingia katika televisheni tangu tarehe 1 Januari 1963. Hayo ni machache tu katika kazi zake nyingi.

Sisi walimu hatuna budi kuanza na utoto wake. Tezuka alikuwa mtoto mdogo wa umbo, mwenye miwani na nywele za mawimbi, na wenzake shuleni walimdhihaki. Nyumbani kwao, lakini, kulikuwa na vitabu vya picha vingi ambavyo wazazi wake walimnunulia, na mama yake alikuwa akimsomea kwa kubadili sauti kwa kila mhusika. Wenzake walipojua habari za vitabu hivyo walianza kumtembelea, na kidogo kidogo dhihaka ikageuka urafiki. Akiwa bado katika shule ya msingi alichora hadithi zake mwenyewe katika daftari. Tezuka alisimulia baadaye kwamba siku moja mwalimu alimnyang'anya daftari mojawapo. Kumbe daftari lile likasomwa na walimu katika ofisi yao, likapita kutoka meza hadi meza, na tangu siku hiyo wakamwacha achore. Ndugu msomaji atatusamehe tukisema kwamba tulipoikumbuka habari hiyo usiku ule, huku daftari la fisi likiwa mbele yetu, tuliona haya kidogo.

Wasomaji walivyounganika

Lakini habari ya Tezuka peke yake isingetosha. Mafunzo makubwa kwa mwalimu yamo katika yale waliyoyafanya wasomaji wake.

Katika mji wa Takaoka walikuwako wavulana wawili, Fujimoto Hiroshi na Abiko Motoo, waliofahamiana katika shule ya msingi kwa sababu mmoja alimwona mwenzake akichora katika daftari. Wakaisoma Shin Takarajima, na tokea hapo hawakuweza kutulia. Walitengeneza kwa mikono yao gazeti lao wenyewe, wakachora, wakaandika, wakasomeana. Walimwandikia Tezuka barua, naye akawajibu. Hata wakasafiri kwenda kumwona nyumbani kwake. Wavulana hao walipokua walitumia jina moja la uandishi, Fujiko Fujio. Kazi iitwayo Doraemon, iliyoanza kutoka mwaka 1970 na ambayo watoto wa nchi nyingi wanaijua leo, ilitoka katika urafiki huo.

Kaskazini mwa nchi, katika jimbo la Miyagi, alikuwako kijana mwingine, Ishinomori Shotaro, aliyezaliwa mwaka 1938. Yeye, akiwa mwanafunzi, aliwakusanya wapenzi wa manga waliotawanyika katika miji mbalimbali wakawa chama kimoja, ingawa wengi hawakuwa wamewahi kuonana uso kwa uso. Chama hicho kilikuwa na gazeti lililoitwa Bokuju Itteki, maana yake Tone Moja la Wino. Tunawaomba wanachuo watulie hapa, kwa sababu gazeti hilo halikupigwa chapa kamwe. Lilikuwa nakala moja tu ya kila toleo, kurasa zilizochorwa na kuandikwa kwa mkono zikashonwa pamoja. Nakala hiyo ilitumwa kwa posta kwa mwanachama wa kwanza. Akaisoma, akaandika maoni yake, akaituma kwa wa pili. Wa pili kwa wa tatu. Hata ikawazungukia wote. Tezuka aliziona kazi za kijana huyo na kumwita amsaidie kuchora sehemu ya Tetsuwan Atom alipokuwa bado yumo shule ya sekondari. Mwandishi huyo aliendelea kuchora maisha yake yote, na kitabu cha rekodi za dunia cha Guinness kinamhesabia zaidi ya kurasa 128,000.

Kulikuwa pia na jarida la watoto liitwalo Manga Shonen, ambamo Jungle Taitei ilitoka. Jarida hilo lilitenga kurasa kwa ajili ya kazi za wasomaji, likazipima na kuzitolea maoni. Vijana wengi waliozituma kazi zao humo baadaye wakawa waandishi. Baadhi yao walikutana tena mjini Tokyo, katika nyumba ya mbao ya vyumba vya kupanga iliyoitwa Tokiwa-so, ambako Tezuka aliishi tangu mwaka 1953. Alipohama mwaka 1954, chumba chake kidogo wakakishika wale wavulana wawili wa Takaoka. Ishinomori naye akahamia nyumba hiyo. Nyumba ya asili ilibomolewa mwaka 1982, lakini mwaka 2020 mji ulifungua jumba la makumbusho lililojengwa kwa mfano wake.

Mwaka 1967 Tezuka alianzisha jarida liitwalo COM, nalo pia lilikuwa na kurasa za wasomaji na likahimiza vikundi vya wapenzi wa manga katika majimbo. Tarehe 21 Desemba 1975 vijana waliokulia katika desturi hiyo ya kusoma, kuchora na kukosoana walifanya mjini Tokyo soko la magazeti yaliyotengenezwa na wasomaji wenyewe. Vikundi vilivyoleta magazeti vilikuwa 32, na watu waliohudhuria walikuwa kama 700. Soko hilo limeendelea hadi leo, na siku hizi huvuta mamia ya maelfu.

Mafunzo tunayoyaona

Je, mwalimu wa darasa la tano mwenye wanafunzi themanini na ubao mmoja anajifunza nini kutokana na habari hizi za mbali?

La kwanza ni kwamba msomaji hakomei katika kusoma. Mtoto aliyependa hadithi hutafuta mtu wa kumweleza. Akimpata, huisimulia, akibishiwa, huirudia ili atafute ushahidi, akikosa mwendelezo, hubuni wake. Hizo ni stadi nne za lugha ambazo sisi huziandika katika maazimio ya kazi kila muhula: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Tofauti ni kwamba darasani twazigawa katika vipindi, na mtoto mwenye shauku huzifanya zote kwa pamoja bila kuambiwa.

La pili ni kwamba mapenzi ya mwandishi mmoja hufundisha umakini. Tezuka alikuwa na desturi ya kuwatumia wahusika wale wale katika hadithi mbalimbali, kama mwongozaji wa michezo awatumiavyo waigizaji wake: mtu aliyekuwa mwema katika hadithi hii huonekana katika ile akiwa mwovu. Wasomaji wake walijizoeza kuwatambua na kulinganisha. Hiyo ndiyo kazi tunayoitaka katika uhakiki, nayo ilianzia katika furaha. Mvulana wetu aliyemshuku kondakta alikuwa akifanya kazi hiyo hiyo.

La tatu ni kwamba uhaba wa vitabu si sababu ya kukaa mikono mitupu. Japani ya miaka ile haikuwa nchi ya anasa. Nakala moja, ikipita kwa mpango mzuri, iliwatosha wasomaji wengi. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Nasi twaona kwamba hata daftari moja, likishikwa na vidole vingi, laweza kuvunja ukimya wa darasa zima.

Hoja za wasiokubaliana nasi

Tumezijadili fikra hizi na wakufunzi wenzetu, na si wote waliokubali. Hoja zao ni za haki, nasi tutazijibu moja moja.

Wengine husema kwamba picha humfanya mtoto awe mvivu wa kusoma maneno. Hoja hii si ngeni. Mwaka 1949 Ufaransa ilitunga sheria ya kusimamia machapisho ya watoto. Mwaka 1954 wachapishaji wa Marekani, kwa kuogopa malalamiko ya wazazi na wataalamu, walijiwekea kanuni kali za vibonzo. Na mwaka 1955 nchini Japani wazazi na walimu waliendesha kampeni dhidi ya vitabu walivyoviita vibaya, na kazi za Tezuka mwenyewe zikashambuliwa. Hatusemi kwamba kila kibonzo ni kizuri. Vipo vya kipuuzi na vipo vya ukatili, kama vilivyomo vitabu vya maneno matupu vya namna hiyo. Lakini kusoma hadithi ya picha ni kusoma. Mtoto hana budi kujua picha ipi hutangulia, nani asema na nani asikia, na nini kimetokea katikati ya picha mbili ambacho mchoraji hakukionyesha. Kuikisia habari isiyoandikwa ndiko tunakokuita ufahamu. Zaidi ya hayo, katika daftari la fisi maneno yaliyoandikwa pembeni na wasomaji yalikuwa karibu sawa kwa wingi na maneno ya hadithi yenyewe.

Wengine husema kwamba hadithi za ajabu ni uongo, na mtoto wa leo ahitaji elimu ya mambo ya kweli. Wenzetu hao wamesahau mahali walipolelewa. Ni nani kati yetu hakulala na hadithi za sungura na mazimwi? Shaaban Robert alipotaka kuzungumza juu ya sheria na haki aliijenga nchi ya Kusadikika angani. Na katika Adili na Nduguze wapo watu waliogeuzwa mawe na ndugu waliogeuzwa manyani. Hakuna asemaye kwamba Shaaban Robert aliwadanganya wasomaji wake. Ajabu ni njia ya kuikaribia kweli ambayo mtoto hawezi bado kuitazama wazi. Yule bibi aliyepoteza jina lake katika basi la usiku huenda ana habari ambayo msichana yule hakuwa na njia nyingine ya kuieleza.

Wengine tena husema kwamba mambo ya Japani si yetu. Ni kweli, na hatuwashauri wanachuo wawapelekee watoto manga. Tunachokichukua ni desturi ya wasomaji, ambayo haina uraia. Sisi wenyewe tulikuwa nayo. Chakubanga wa Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na Juha Kalulu wa Edward Gitau kule Kenya, walisomwa na mtu mmoja na kusikilizwa na kumi, gazeti likapita barazani na dukani hata likachakaa. Mcheza kwao hutuzwa: mwandishi wa kupendwa aweza kuwa wa gazeti la hapa, aweza kuwa marehemu wa zamani, na aweza kuwa msichana wa dawati la tatu.

Hoja ya mwisho ndiyo nzito kuliko zote: mtihani. Mwalimu hupimwa kwa matokeo, na mtihani hauulizi habari za fisi. Jibu letu ni kwamba mtihani huuliza ufahamu, msamiati na uwezo wa kuandika, na mtoto aliyeandika sentensi saba kwa hiari yake yuko karibu zaidi na mambo hayo kuliko aliyeandika mbili kwa amri. Hata hivyo hatuwaombi mwache muhtasari. Tunaomba kipindi kimoja katika kila wiki mbili.

Namna ya kuanza

Kwa kuwa jarida letu ni la mbinu za kufundishia, yafaa tueleze hatua. Hizi tumezijaribu na wanachuo kadhaa, na zinafaa hata katika darasa kubwa.

1. Uliza kwanza, usichague wewe. Waulize wanafunzi ni hadithi ipi, au msimulizi yupi, wanayempenda kuliko wote. Jibu laweza kuwa kibonzo cha gazetini, kitabu cha ziada, au hadithi za bibi wa mtoto mmojawapo. Pokea majibu yote bila kukunja uso.

2. Unda vikundi vya watu wanane hadi kumi kwa kufuata mapenzi yao. Usivipange kwa uwezo wa kusoma. Katika kikundi cha shauku moja, asiyejua kusoma sawasawa atasaidiwa na mwenzake kwa sababu wote wawili wanataka kujua yatakayofuata.

3. Kila kikundi kiwe na daftari moja. Nusu ya mwanzo ni ya hadithi na picha: mwendelezo wa hadithi waipendayo, au hadithi yao mpya. Nusu ya mwisho ni ya maoni.

4. Daftari lizunguke. Kila mwanafunzi hukaa nalo kwa siku moja au mbili na kulikabidhi kwa anayefuata kwa orodha iliyobandikwa ukutani. Kiranja wa kikundi hutia alama katika orodha, ili daftari lisipotee na asiwepo wa kurukwa.

5. Weka kanuni tatu za maoni: taja ukurasa, sema jambo moja ulilolipenda na sababu yake, uliza swali moja. Kanuni ya kutaja ukurasa yaonekana ndogo, lakini ndiyo inayomfundisha mtoto kurudi katika maandishi kutafuta ushahidi.

6. Katika kipindi cha wiki ya pili kila kikundi kizungumze mbele ya darasa kwa dakika tano, kikiwashawishi wengine wasome daftari lao. Kisha vikundi vibadilishane madaftari.

7. Mwalimu naye aandike maoni, zamu yake ikifika, kwa kalamu ya rangi ile ile wanayotumia wanafunzi, akifuata kanuni zile zile tatu. Wino mwekundu usiguse daftari hili. Makosa ya tahajia uyaonayo mara kwa mara yaandike katika daftari lako mwenyewe na uyafundishe katika kipindi kingine, bila kumtaja mtu.

Hatua ya saba ndiyo inayowashinda wengi. Tumewaona wanachuo wazuri wakianza kwa moyo, kisha, kwa nia njema kabisa, wakaanza kusahihisha, kutoa alama, na kumtangaza mshindi. Katika muda wa wiki tatu daftari likawa insha nyingine, na watoto wakaanzisha daftari jingine chini ya madawati. Walikuwa na haki.

Tahadhari

Kupenda hakutakiwi kuwe upofu, na hapa tena Tezuka anatufaa kwa mfano. Jungle Taitei husimuliwa katika bara la Afrika, na watu wa Afrika waliomo kitabuni wamechorwa kwa mtindo wa dharau uliokuwa wa kawaida katika katuni za Marekani na Ulaya za siku zile. Mwaka 1990 yalitolewa malalamiko nchini Japani juu ya michoro ya namna hiyo, na matoleo yaliyofuata yakatiwa maelezo ya kumtahadharisha msomaji. Wapenzi wake hawakumtupa, wala hawakutakiwa kujifanya hawaoni. Nasi tuwafundishe watoto hivyo hivyo: ukimpenda mwandishi, una haki ya kumwuliza kwa nini amemchora jirani yako namna ile. Katika madaftari ya watoto utakuta mzaha juu ya kabila fulani, juu ya mlemavu, juu ya mwenzao mnene. Usirarue ukurasa. Andika swali lako pembeni, nao watalijadili.

Jihadhari pia na kikundi kinachowafungia wengine mlango. Mapenzi ya pamoja huweza kuwa ukuta. Ndiyo sababu ya kubadilishana madaftari, na ndiyo sababu ya kila kikundi kuwa na nafasi moja wazi kwa mgeni.

Hitimisho

Twarudi kwenye daftari la fisi, kwa sababu tuna deni la kulieleza. Asubuhi iliyofuata tulizungumza na mwanachuo wetu. Tulimwambia kwamba kosa, kama lilikuwako, lilikuwa letu kabla ya kuwa lake, kwa kuwa sisi ndio tuliomfundisha kwamba darasa lililodhibitiwa ni darasa lisilo na kitu chini ya madawati. Kisha tukaenda pamoja naye kulirudisha daftari. Msichana alilitazama, akasema si lake. Tukawauliza wale kumi na mmoja, ambao majina yao yalikuwa yameandikwa humo kwa hati zao wenyewe. Hakuna aliyelijua.

Mwanachuo aliliweka juu ya rafu ya dirisha bila kusema neno. Mwisho wa siku halikuwapo tena. Hatujui aliyelichukua, wala hatujui kama basi la fisi liliendelea na safari yake. Tunajua tu kwamba siku moja kabla watoto wale walikuwa waandishi na wahakiki kumi na wawili, na kwamba sisi watu wazima wawili, wenye elimu ya ualimu na nia njema, tuliwafanya waukane uandishi wao.

Ndugu mwanachuo, mwakani utasimama mbele ya darasa lako, na siku moja utaona kitu kikipitishwa chini ya madawati. Huenda kikawa upuuzi, nawe utajua la kufanya. Lakini kabla hujakichukua, subiri hadi kipindi kiishe, umwombe mwenyewe kwa adabu akuruhusu usome. Akikuruhusu, soma hadi mwisho, kisha uandike maoni yako pembeni kama msomaji mwingine yeyote, utaje ukurasa, na uulize swali moja.